Bwawa la Mawimbi na Pazia la Mama Bea

Nimerudi jana kutoka matanga ya Mama Bea, na hadi sasa chakula hakinipiti kooni. Nilitoka Lubumbashi kwa basi, nikafika Kolwezi na vumbi hadi kwenye kope, na njia nzima nilikuwa najitayarisha kufukuzwa. Nilijiambia, wakikutukana, inamisha kichwa. Wakikwambia utoke, toka. Lakini hakuna aliyenitukana. Walinipa kiti cha plastiki chini ya turubai, ile tunayoita bashi, katikati ya wanawake wa familia, wakaniletea sahani ya bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, kama mtoto wa nyumba. Kisha mwanamume mmoja mwenye mvi alivuta kiti chake, akakaa karibu nami. "Injenia, njo weye? Ulinenepa hivi?" Alikuwa Kazadi, mmoja wa wanaume waliokuwa wanaingia na kutoka nyumbani kwa Mama Bea mwaka ule niliopanga chumba kwake. Tulikula pamoja, tukaongea, na kwa upole wake wote aliniambia neno ambalo limenikalisha hapa mezani leo. Wazazi wangu na shule nilizosoma haviwahusu ninyi wala haviihusu habari hii. Nitasimulia mwaka mmoja tu, mwaka wangu wa kwanza kazini.

Nilikuwa nimetoka kumaliza masomo ya ujenzi, nina diploma mpya na viatu vya usalama vinavyonibana, nikachukuliwa kwenye shantie moja kubwa, yaani eneo la ujenzi, huko Kolwezi. Tulikuwa tunajenga nini? Jamani, hata leo nikisema watu wananiangalia usoni waone kama natania. Tulikuwa tunajenga hoteli yenye mji wa maji ndani yake. Mabwawa, mitelezo mirefu ya rangi, mto wa kuzunguka ambao mtu anakalia puto na kubebwa, na bwawa la mawimbi lenye mashine ya kusukuma maji, vyote chini ya paa moja la chuma pana kama karakana ya mgodi. Huko Kolwezi! Ambako nusu ya mji inapanga foleni na bidoo, madumu ya njano, kungojea bomba likohoe. Nililiona hilo, si kwamba nilikuwa kipofu, lakini nilikuwa kijana na nililipenda jengo lile kwa moyo wangu wote. Nilipenda nguzo zake, nilipenda chumba cha mashine chenye mabomba mazito kuliko kiuno changu, nilipenda kusimama kwenye kina cha bwawa tupu na kusikia sauti yangu ikirudi. Mwenye mali alikuwa anakaa mbali, tulimjua kwa picha na kwa haraka yake. Kazi yangu mimi ilikuwa udongo. Kabla zege halijamwagwa, mimi na vibarua wawili tulipigilia chuma chembamba ardhini kwa nyundo, tukihesabu mapigo, ili kujua ardhi itabeba au haitabeba. Nikiandika kwamba inabeba, zege linamwagwa. Ndiyo uzito wa mkono wangu mwaka ule, na nilikuwa na miaka ishirini na minne.

Nilipanga chumba kwa Mama Bea kwa sababu nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka ukuta wa shantie; naamka, nanawa, niko kazini. Ilikuwa nyumba ya matofali ya kuchoma, bati juu, sebule yenye viti vilivyovalishwa vitambaa vyeupe vya kusuka kwa mkono na picha ya Bikira Maria juu ya televisheni. Chumba changu kilikuwa cha mbele. Nyuma ya sebule kulikuwa na ushoroba mfupi, na mwishoni mwa ushoroba, badala ya mlango, pazia zito la maua mekundu. Mume wake, Tata Simon, alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye kucheka kwa mabega. Alinieleza kwamba zamani alichimba kule kwenye mgodi wa Mashamba, lakini ameacha, sasa anauza makala, yaani makaa. Na kweli magunia yalikuwepo, yamepangwa uani, yamefunikwa bashi. Kila asubuhi walikuja wanaume sita, wanavua ndara mlangoni, wananisalimia kwa heshima, wanapita nyuma ya pazia. Mama Bea alisema ni kikundi cha maombi. Kikundi cha maombi! Katanga hii yetu, watu sita wanaomba Mungu tangu asubuhi hadi jioni na hakuna anayeimba hata ubeti mmoja! Wakitoka, nywele zao zina vumbi jekundu, na mmoja ana tochi kwenye paji la uso.

Msinifanye mjinga kuliko nilivyokuwa. Nilijua. Kolwezi nzima inajua. Mtu anachimba choo uani, anakuta jiwe jeusi la kobalti, siku ya pili familia imehamia vyumba viwili na chumba cha tatu kimekuwa mlango wa shimo. Hutaulizwa na hutauliza. Pazia la mtu ni nguo yake. Hulivuti, hulichungulii, husemi "kuna nini huko". Ukisikia dundo chini ya sakafu, unasema jirani anatwanga sombe. Nami nilisema hivyo mwezi baada ya mwezi, nikiwa nimelala kitandani Jumapili mchana, na dundo linapanda kwenye miguu ya kitanda, du, du, du. Mara moja nilisikia Tata Simon akimwambia mkewe ushorobani, "Sasa jiwe inageukia upande wa jua kutoka," na Mama Bea akajibu, "Mufuate tu pole pole." Nilimaliza kupaka mafuta mikononi, nikatoka kula. Injenia wa udongo! Ukuta wa shantie ulikuwa upande huohuo wa jua kutoka, na mimi nilikuwa nafikiria kama dagaa wa kapenta watakuwa na nyanya au hapana.

Nakumbuka vizuri tuliyokula, ndiyo aibu yangu. Mama Bea alinipikia kama anayemnenepesha bibi harusi. Bukari laini, sombe yenye karanga, mchicha wa lengalenga, na Jumamosi munkoyo, togwa yetu ya mahindi, ya baridi kwenye kikombe cha bati. Alikuwa na mdomo, mama yule! "Solange, weye unapimaka udongo, lakini mwanaume wa kukupima weye eko wapi?" Tunacheka, Tata Simon anacheka kwa mabega. Hakuna siku aliyokubali nile mchana kazini. Saa sita lazima nirudi, nikute beseni na jagi, anamimina mwenyewe maji mikononi mwangu, ingawa nilimwambia mara mia kwamba mimi ndiye mdogo, aniachie nimimine mimi. Nilipenda kupendwa. Kuuliza kungeharibu, basi sikuuliza.

Sasa kosa lenyewe. Tulipokuwa tunapima chini ya bwawa la mawimbi, kwenye pembe iliyoelekea mtaa wetu, chuma chetu kilipiga vizuri, mapigo kumi, kumi na mawili, halafu ghafla kikazama chenyewe karibu kimo cha mtoto, bila nyundo. Kibarua aliyeshika nyundo alianguka kwa magoti, tukacheka. Yeyote aliyekulia Katanga anajua kinachosemwa hapo. Tulikuwa tumebomoa kichuguu kikubwa sehemu ileile, kirefu kupita nyumba, na mchwa wetu wanaacha mapango chini ambayo mbwa anaweza kulala. "Ni mchwa," akasema kibarua. "Ni mchwa," nikasema mimi. Nikampelekea Chef Kalala, mkuu wa kazi, mtu wa hapahapa, mwenye kazi ya ujenzi miaka mingi kuliko umri wangu, akaangalia, akasema, "Mchwa. Mujaze, mushindilie, tuendelee." Tulichimba kidogo, tukajaza udongo mzuri, tukashindilia, nikaandika kwenye karatasi kwamba inabeba. Mgeni kutoka nchi isiyo na vichuguu angeogopa. Sisi hatukuogopa kwa sababu tulikuwa wenyeji. Kitu kilikuwa kinapita chini pale kweli, ila hakikuwa na miguu sita.

Bwawa likamwagwa zege, likakauka, ikafika wiki ya jaribio la maji. Unajaza bwawa polepole, unaliacha, unapima kila asubuhi limepungua kiasi gani. Mimi mwenyewe nilisimamia kutiwa kwa dawa, javel nyingi yenye harufu kali ya klorini, ili maji yasioze wakati yanangoja. Jumatatu na Jumanne likajaa. Jumatano asubuhi maji yalikuwa yameshuka kiganja kimoja. Nikasema nimekosea kupima. Saa tatu yalikuwa yameshuka kiganja kingine. Nikashuka kwenye ushoroba wa mabomba, unaozunguka bwawa chini, nikapitisha mkono kwenye kuta zote. Kukavu. Kukavu kabisa! Maji yanatoka, na hayaendi popote. Nikamwendea Chef Kalala. Alikuwa kwenye simu na watu wa mwenye mali, waliokuwa wanakuja Ijumaa kulitazama bwawa. "Ni jointi moja imefunguka," akaniambia. "Ongeza pampu, lijae mbele ya Ijumaa, tutatengeneza baadaye." Nikasema sawa, Chef. Pampu ya pili ikawashwa. Saa sita nikaenda kula.

Mama Bea siku hiyo alikuwa na furaha ya ajabu. Meza tayari, bukari inatoa moshi, ndara za wanaume zimejaa mlangoni. Akachukua jagi. "Nawa, mwanangu. Leo Mungu alitukumbuka. Tulikuwa tunafuata mayi ku bomba, kumbe iko hapa hapa." Nikanyoosha mikono juu ya beseni, akamimina, na kabla maji hayajafika viganjani harufu ikanipiga puani. Javel. Nilinusa vidole. Nikanusa tena. Mama Bea akacheka, "Unanusa nini? Iko safi!"

"Mama, mayi hii ilitoka wapi?"

Akashusha jagi. Mwaka mzima sikuwahi kumwuliza swali la namna hiyo, na macho yake yalikwenda kwenye pazia kabla hajayazuia. "Ilitoka chini," akasema polepole. "Tangu asubui. Simon anasema udongo inalegea, jiwe inatoka na mukono tu. Beko chini bote, banafurahi."

Sijui nilifikaje. Nakumbuka beseni lilipinduka, nakumbuka Mama Bea akinishika blauzi akisema, "Solange, hapana, Solange!" na mimi nikalivuta pazia mpaka likatoka na waya wake. Chumba kizima hakikuwa na sakafu. Kulikuwa na mdomo wa shimo mpana kama meza ya kulia, vijitundu vya kukanyagia vimechongwa pande mbili vikishuka hadi gizani, na kamba. Na chini kabisa, sauti ya maji yanayotembea, na wanaume wanapiga kelele za furaha. Nilikaa na watu hawa mwaka mzima, na hii ndiyo mara yangu ya kwanza kuona. Nikalala kifudifudi pale ukingoni, nikaita jina la Tata Simon mpaka akajibu.

"Injenia!" Sauti yake ilipanda ikiwa na kicheko. "Usiogope, ni mayi ya Mungu!"

"Ni mayi yangu! Tata, ni mi njo niliiweka! Muko chini ya bwawa! Mutoke, mutoke bote, itawaangukia!"

Kicheko kikakatika. Akauliza, "Iko mingi?" Nikamwambia maji yaliyo juu yao yanaweza kujaza kila nyumba ya avenue hii hadi kwenye bati. Hakusema neno jingine kwangu. Nilisikia akiwaita watu wake kwa majina. Nikampigia Chef Kalala, nikiwa bado nimelala pale, nikapaza sauti azime pampu, afungue maji yote yatoke mtaroni. Akasema nimerukwa na akili. Nikasema, "Chef, haikuwa mchwa. Chini ya pembe ile kuna watu. Niko hapa, nawasikia." Kisha nikasikia akikimbia, simu ingali mkononi, anatukana, anaita watu wa pampu, anamwita Mungu.

Walianza kutoka. Wa kwanza, wa pili, wamelowa hadi kifuani, wanatapika matope. Mimi na Mama Bea tulivuta kamba mpaka viganja vikachunika. Kazadi alikuwa wa sita. Alipotoa kichwa nikamwuliza, "Tata Simon?" Akasema anakuja, ila amerudi kwanza kugonga ukuta, kwa sababu upande wa pili kuna watu wa nyumba ya jirani, wanatumia tundu lao, nao hawajui. Upande wa pili! Sikuelewa mara moja. Mama Bea ndiye aliyenieleza, macho yamemtoka: kila nyumba ya avenue ina pazia. Nikatoka mbio, pekupeku, nikaingia nyumba za watu bila hodi, nikiyavuta mapazia, nikilia kwa sauti, "Batoke! Batoke bote!" Katika nyumba ya nne mwanamke alinipiga na mwiko, na nyuma yake nikaona wanaume wanapanda kutoka shimoni wakiwa wazima, wanasema Simon aligonga, Simon aliwaambia.

Nilikuwa uani kwao ardhi iliporuka. Mlio wake ulikuwa mzito, wa kushuka, na nikajua bila kuambiwa kwamba ile pembe imevunjika, pembe yangu, niliyoandika kwamba inabeba. Upepo ukatoka kwenye kila shimo. Mapazia ya avenue nzima yalitoka nje kupitia madirisha, na nyuma ya upepo vumbi, na nyuma ya vumbi maji. Nilipofika kwa Mama Bea, chumba cha nyuma kilikuwa dimbwi la matope linalochemka, na yeye amekaa chini ushorobani, kamba mkononi, anaivuta bado. Ilikuja nyepesi. Haikuwa na mtu.

Walimtoa Tata Simon siku ya pili, baada ya pampu zilezile za kujazia kugeuzwa kunyonya. Mashimo yalijazwa zege, avenue ile ikahamishwa, na miaka miwili baadaye hoteli ilifunguliwa bila bwawa la mawimbi. Pale pana mgahawa sasa. Nilihojiwa, nikaeleza vyote, kosa langu likaandikwa, nikaacha kazi ya udongo. Mama Bea alikwenda kwa ndugu zake Fungurume. Hakunilaumu hata mara moja, na mimi, nisiseme uongo, nilijijengea kahadithi kangu ka kuniwezesha kulala: kwamba bila pua yangu wangekufa watu thelathini. Nilikosea karatasi, ndiyo, lakini niliwaokoa. Nimeishi ndani ya kahadithi hako miaka yote hii.

Mpaka juzi, chini ya bashi, Kazadi akimega bukari karibu yangu. Alikuwa anamsifu marehemu Simon, kama inavyofanywa kwenye msiba wa mkewe.

"Tata Simon alikuwaka na akili," akasema. "Hakuwaka muntu wa kushuka ovyo. Unajua njo maana alikubaliaka weye ukae mu nyumba yake? Juu ya masomo yako. Kila asubui, mbele ya kushuka, anasimama pa shimo anauliza mama: 'Injenia eko?' Mama akisema eko, tunashuka. Ukienda safari ku Lubumbashi, hakuna kazi. Alikuwaka anatuambia: muntu mwenye alisomea udongo analala pale juu, anasikia nyundo yetu, na hatoki. Basi kuko nguvu. Angeona hatari, angetuambia. Tulikuwa na amani sana juu yako, Injenia."

Alisema hayo kwa shukrani, akanigusa bega. Mikono yangu ilikuwa ndani ya sahani na sikuweza kuitoa. Wao walidhani kimya changu ni kipimo. Mimi nilidhani kimya changu ni adabu.

"Na siku ile?" nikamwuliza. "Siku ile aliuliza?"

"Aliuliza, ndiyo. Mayi ilikuwa imeanza kutoka, sisi tuliogopa kidogo. Akauliza mama mara mbili."

"Mama alijibu nini?"

Kazadi alifikiri, akitafuta maneno yenyewe. "Alijibu: 'Eko. Alienda tu ku kazi, atarudia saa sita kukula.'"

Na kweli nilirudi.